Muuguzi Anapokuuliza: Somo kwa Mtumiaji wa Huduma za Afya

Muuguzi ndiye mtumishi wa afya ambaye mgonjwa hukutana naye mara nyingi kuliko mwingine yeyote. Kabla daktari hajakuona, muuguzi ameshakupima joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na uzito. Na katikati ya vipimo hivyo amekuuliza maswali. Watu wengi huyachukulia maswali hayo kuwa utaratibu wa kuandikishwa tu, wakayajibu harakaharaka huku macho yao yakiutazama mlango wa daktari. Somo hili linaeleza kwa nini mahojiano hayo ni sehemu ya tiba unayoilipia, iwe kwa fedha taslimu, kwa bima au kwa kodi yako, na namna ya kuyatumia ili upate huduma iliyo haki yako.

Vipimo havihitaji maelezo marefu. Shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi, likirudiwa kupimwa na kuonekana vilevile, huhesabiwa kuwa la juu. Mapigo ya moyo ya mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Muulize muuguzi tarakimu zako na uziandike. Lakini hakuna mashine inayoweza kusema maumivu yalianza lini, umekunywa nini kabla ya kuja, au jambo gani linakutia hofu. Hayo yanatoka kinywani mwako, na yasipotoka, cheti chako kitabaki na pengo ambalo hakuna atakayelijua.

Salamu si majibu

Desturi yetu ya kusalimiana ni njema, ila chumba cha mahojiano huipa kazi isiyo yake. Muuguzi husema, "Habari yako, mama?" na mgonjwa aliyeshindwa kulala siku tatu hujibu, "Nzuri." Akiulizwa, "Hujambo?" husema, "Sijambo." Hasemi uongo, anatimiza adabu. Muuguzi mwenye ujuzi hulijua hilo, naye baada ya salamu huanza upya kwa swali lililo wazi: "Nieleze, nini kimekuleta leo?" Usipoulizwa hivyo, chukua nafasi mwenyewe. Itikia salamu kama ulivyolelewa, kisha useme, "Nzuri, ila nimekuja kwa sababu ya…"

Heshima ya umri nayo ina uzito wake. Muuguzi kijana akimwamkia mzee "Shikamoo" kabla ya kumhoji hapotezi muda hata kidogo, kwa kuwa mzee aliyeheshimiwa huzungumza. Mzee aliyeamrishwa kama mtoto hujibu "ndiyo" kwa kila swali ili yaishe.

Jambo la pili ni majina ya viungo na ya maradhi. Kiswahili chetu ni kipana, lakini katika mwili kimeacha mipaka mingi bila uzio. "Mguu" ni kuanzia nyonga hadi vidole. "Tumbo" laweza kuwa mfuko wa chakula, utumbo au tumbo la uzazi. Anayesema "moyo unaniuma" pengine anazungumzia chembe cha moyo, palipo juu ya tumbo chini ya kifua, na huenda shida yake ni vidonda vya tumbo. Mwingine akisema maneno hayohayo, shida yake ni moyo wenyewe. "Nina homa" kwa mmoja ni mwili kuwa wa moto, kwa mwingine ni uchovu na kukosa hamu ya kula. Onyesha kwa kidole, eleza hisia yenyewe (kuchoma, kubana, kukata, kuwasha), na taja saa au siku ilipoanza. Huhitaji jina la kitaalamu. Kwa kweli jina la kitaalamu ulilolisikia kwa jirani laweza kumpotosha anayekuhoji kuliko maneno yako ya kawaida.

Kuhusu maumivu, muuguzi anaweza kukutaka uyapime kwa namba kutoka sifuri hadi kumi. Zipo jamii ambazo mtu hufunzwa tangu ujana kwamba kulalama ni aibu, na mtu wa jamii hiyo atasema "mbili" akiwa amevunjika mfupa. Kama namba inakuwia vigumu, eleza maumivu yamekuzuia kufanya nini: kulala, kuinama, kupanda ngazi, kubeba ndoo. Maelezo hayo hayana aibu ndani yake, nayo muuguzi huyaelewa vizuri.

Mfano wa degedege

Hakuna mahali ambapo tofauti ya mtazamo kati ya familia na hospitali imegharimu zaidi kuliko katika degedege. Mtoto mwenye homa hukakamaa ghafla, macho hugeuka juu, viungo hutikisika, pengine povu hutoka mdomoni. Katika sehemu nyingi za pwani na bara, hali hiyo imeelezwa kwa vizazi kuwa kazi ya pepo ajaye kwa umbo la ndege. Kwa hiyo mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa moshi au kuogeshwa majani. Ipo pia imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Kwa macho ya hospitali, dalili hizo zaweza kuwa za malaria kali iliyofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka mno, kifafa, au mtukutiko unaoletwa na homa kali ya ugonjwa mwingine. Baadhi ya hali hizo huua kwa saa chache. Dawa inayopendekezwa kwa malaria kali ni artesunate, nayo hutolewa kwa sindano: kitu kilekile ambacho mama ameonywa akiogope.

Hebu tutazame jinsi mahojiano yanavyoweza kwenda. Muuguzi anauliza, "Mtoto ana malaria?" Mama anajibu kwa dhati, "Hapana, ni degedege." Kwake hayo ni magonjwa mawili. Muuguzi akicheka, au akimkemea kwa kuchelewa, mama atanyamaza. Hatasema kwamba mtoto alinyweshwa dawa ya majimaji akiwa katikati ya mtukutiko, jambo linaloweza kuingiza maji mapafuni, wala hatasema kwamba alifukizwa moshi kwa muda mrefu. Mambo hayo mawili hubadilisha namna mtoto anavyochunguzwa kifua na kusaidiwa kupumua. Lakini muuguzi akisema, "Pole, mama. Hiyo degedege ilianza saa ngapi? Ilichukua muda gani? Baada yake alizinduka? Mmempa nini tangu hapo?" basi habari yote itatoka, na kwa mpangilio unaofaa.

Wewe mzazi nawe una sehemu yako. Sema jina la ugonjwa kama mnavyouita nyumbani, kisha eleza ulichokiona kwa macho. Kama unaogopa sindano, sema wazi kwamba unaiogopa na sababu yake. Hofu hiyo haikuzuka kwa ujinga: watoto wengi waliochomwa sindano walifikishwa hospitali wakiwa mahututi, na wazazi waliona kifo kikifuata sindano. Kilichowaua ni ugonjwa uliopewa muda. Muuguzi anayejua kwamba unaogopa anaweza kukueleza hayo kabla ya kuandaa dawa. Asiyejua ataona tu mama anayemnyakua mwanawe na kuondoka.

Kuuliza kwa namna hii si hisani ya muuguzi mmoja mpole. Ni ujuzi unaofundishwa. Mwasisi wake anayetajwa zaidi ni Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 akihudumia watoto wenye matatizo ya akili aliona kwamba malezi na asili zao zilitofautiana, na huduma ya aina moja haikuwafaa wote. Alisomea anthropolojia, akaenda kuishi miongoni mwa Wagadsup wa Papua New Guinea, na hatimaye akajenga tawi la uuguzi linalohusu tamaduni. Mwaka 1978 daktari Arthur Kleinman na wenzake walichapisha maswali ambayo hadi leo hutumika kufundishia: mgonjwa mwenyewe anauitaje ugonjwa wake, anadhani umesababishwa na nini, anataraji tiba gani, anaogopa nini zaidi. Ukiulizwa maswali ya namna hiyo, usidhani unachunguzwa imani yako. Jibu kwa uwazi.

Ulichotumia nyumbani

Swali ambalo hufichwa majibu yake kuliko yote ni hili: "Umetumia dawa yoyote?" Wengi husema hapana, kwa kuwa wanadhani dawa maana yake ni vidonge, au kwa kuwa wanaogopa kukemewa. Tanzania inaitambua tiba asili kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Kutumia mitishamba si kosa la kukufanya ujifiche. Hatari iko katika kukaa kimya.

Mwenye kisukari anayekunywa uwatu pamoja na vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, na vivyo hivyo anayefunga Ramadhani bila kupangiwa upya dozi zake. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutokwa na damu wakati wa upasuaji. Hatari kubwa zaidi iko katika chumba cha kujifungulia. Mjamzito aliyekunywa dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, kisha akawekewa dripu ya kuongeza uchungu na watu wasiojua, yumo katika hatari ya uchungu kuzidi nguvu, mtoto kukosa hewa, na hata mfuko wa uzazi kupasuka. Aghalabu dawa hiyo amepewa na mama mkwe au bibi, na aliyempa ndiye aliyemsindikiza. Hivyo mkunga anayeuliza mbele ya msindikizaji hatapata jibu la kweli. Ewe mjamzito, omba kuzungumza na mkunga peke yenu, hata kwa dakika mbili. Nawe bibi, ukiulizwa, taja mti wenyewe na saa uliyompa. Hali kadhalika mjamzito anayekula udongo uuzwao sokoni aseme, kwa sababu tabia hiyo huambatana na upungufu wa damu.

Njoo na vyote ulivyotumia, katika vifungashio vyake ikiwezekana, hata kama ni majani ndani ya chupa ya maji.

Lugha na faragha

Wapo wazee ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, na huja hospitali na mjukuu wa kuwatafsiria. Kwa jambo dogo inatosha. Kwa ugonjwa wa sehemu za siri, mimba, unyanyasaji au habari ya ugonjwa mzito, mtoto hafai kuwa mkalimani: atapunguza maneno kwa haya, na bibi ataficha asiyoweza kuyasema mbele yake. Uliza kama yupo mtumishi wa kituo anayejua lugha hiyo, na ikiwezekana awe wa jinsia ya mgonjwa. Mwanamke anayetaka kuchunguzwa na muuguzi wa kike, au mwanamume anayetaka wa kiume, aseme mapema. Si kila kituo kina watumishi wa kutosha, lakini ombi halina ubaya.

Taarifa za afya yako ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukihojiwa kwenye benchi mbele ya wagonjwa wengine, una haki ya kusema kwa upole, "Naomba tuzungumze faragha," na kusubiri. Baada ya mahojiano, mwombe muuguzi arudie kwa kifupi aliyoyaandika, usahihishe palipokosewa.

Ukidharauliwa kwa sababu ya lugha, dini, kabila au tiba uliyotumia, andika tarehe, saa, wodi au chumba, na maneno yaliyosemwa. Anza kwa muuguzi kiongozi wa zamu, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Kwa kosa la kitaaluma, malalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga Tanzania, linalosimamia taaluma hiyo chini ya sheria ya mwaka 2010. Ambatisha nakala ya cheti chako na ubaki na cheti halisi.