Somo la Tiketi ya Mpira: Mwenye Uwanja na Mwenyeji wa Mchezo

Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti vipatavyo 60,000. Simba na Yanga wote wameutumia kama nyumbani, ilhali si mali ya yeyote kati yao. Ni mali ya Serikali. Shabiki hulijua jambo hili bila kulitilia maanani, hadi siku anapotafuta wa kumpelekea lalamiko.

Tuitazame tarehe 8 Mei 2021. Simba, wakiwa wenyeji, walipaswa kucheza na Yanga saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya awali, wakaondoka. Simba wakafika kwa saa mpya. Mpira haukuchezwa, na watu walikuwa wamekwisha kuketi majukwaani. Pambano lilikuja kufanyika tarehe 3 Julai. Mwaka 2025, safari hii Yanga wakiwa wenyeji, mchezo wa watani wa tarehe 8 Machi uliahirishwa siku yenyewe, ukachezwa tarehe 25 Juni.

Hatuingii katika ubishi wa nani alikosea. Hilo lina wasemaji wa kutosha. Tunamsemea aliyetoka Morogoro alfajiri, akalipia nauli na jukwaa la mzunguko. Huyo hakununua kiti kitupu. Alinunua mchezo, kwa tarehe na saa iliyotangazwa. Saa ikibadilishwa, alichouziwa kimebadilika.

Kwa kuwa mwenyeji ndiye hutangaza viingilio, tunashauri dai la mchezo usiofanyika lianzie kwake, kwa barua. Ubovu wa kiti, taa au choo upelekwe kwa meneja wa uwanja. Mlaji aambatishe ujumbe wa malipo uliomo katika simu yake (asiufute hata baada ya kuingia getini) pamoja na picha ya tangazo lenye saa ya kwanza. Anayeishi mbali aseme wazi kwamba anadai fedha, kwa maana tiketi ya kutumika siku nyingine haimfai asiye na nauli ya pili. Aliyenunua kwa mlanguzi atapata taabu kuthibitisha chochote.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Asiyejibiwa na mwenyeji alete kwetu nakala ya barua yake, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.