Somo juu ya Amana ya Mtoto Abakiye Nyumbani Mama Aendapo Kuzaa

Somo hili lataja jambo ambalo watu wengi hulidharau mpaka saa yake imefika. Nalo ni hili: mwanamke mja mzito aliye na mtoto mdogo, akishikwa na uchungu, yule mtoto atabaki na nani?

Watu wa Malindi, na muradi ni Malindi ya milima ya Usambara katika wilaya ya Lushoto, wala si ile ya pwani ya Kenya, waijua haja ya suala hili kuliko watu wa mijini. Nyumba zao zi juu ya vilima, mabonde yamemtenga jirani na jirani, na hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini. Mvua za masika, tangu Machi hata Mei, huzifanya njia za udongo kuwa utelezi mtupu. Mwanamke akianza uchungu usiku, na mumewe ameteremka Mombo au Korogwe kuuza mboga, hufanya nini? Aghalabu hungoja. Humngoja mume arudi, au hungoja kupambazuke apate wa kumwachia mwanawe. Na humo katika kungoja ndimo ilimo khatari, kwani damu ikitoka kwa wingi baada ya uzazi yaweza kumuua mama kwa saa chache. Basi jua ya kuwa mtoto aliyekosa mlezi si taabu ya mtoto peke yake. Yeye huwa ndiyo sababu ya mama kuchelewa.

Ama katika sharia, malezi ya mtoto mdogo huitwa hadhana. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamemtanguliza mama, kisha mama wa mama na waliopanda juu yake, kisha baba. Na imepokewa na Bukhari kwamba baada ya Umra ya Kadhaa, mwaka wa 7 wa Hijra, binti wa Hamza aliwafuata Waislamu walipokuwa wakitoka Makka, nao Ali, Jaafar na Zaid wakashindana juu ya nani amchukue. Mtume (S.A.W.) alimhukumia khaloo yake, yaani dada wa mama yake, aliyekuwa mke wa Jaafar, akaeleza kwamba khaloo yuko mahali pa mama.

Lakini mtu asije akachukua mpango huu wa hadhana, ambao ni wa kukata mashindano, akaufanya kuwa kizuizi mahali pasipo na mashindano. Desturi ya Wasambaa ni mke kukaa kwa watu wa mumewe. Huenda mama yake yu ng'ambo ya bonde la tatu, na mama mkwe yu hapo mlangoni. Kumweka mtoto kwa siku chache ni amana, si kumhamisha katika hadhana. Basi bora wa kupewa ni yule aliyezoewa na mtoto, aliye karibu, na mwenye kuamka usiku akiitwa, awe bibi, awe shangazi, awe jirani mwema.

Na asiombwe kwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aliyezaa salama akae chini ya uangalizi kwa saa 24 kwa uchache. Na aliyepasuliwa hukaa siku kadhaa. Mlezi na aombwe juma zima, naye ajue chakula cha mtoto kiko wapi na dawa yake ni ipi. Tena awepo mlezi wa pili, kwani wa kwanza naye huweza kuugua au kuitwa msibani. Haya ni kazi ya baba kuyatengeneza kabla ya mwezi wa tisa. Mume asemaye kwamba hayo ni mambo ya wanawake hajasoma sawasawa maana ya uchungaji.

Wako wamwachiao msichana wa miaka tisa mdogo wake, na hoja yao ni dada wa Musa. Hoja hiyo haisimami. Dada wa Musa, kama ilivyo katika Sura ya Al-Kasas, alitumwa amfuatilie nduguye na kumtazama kwa mbali. Hakupewa kumlea, na mwisho wa kazi yake ilikuwa kumrejesha kwa mama. Msichana wa miaka tisa ni mtoto wa kulelewa. Khasa katika baridi ya Juni na Julai, atasogeza jiko la mkaa ndani, afunge mlango na dirisha, na hewa ya mkaa huua watu usingizini bila ya harufu ya kuwaonya.

Limebaki jambo ambalo hata nyumba za watu wema hukosea. Mama hutoroka. Mtoto huambiwa, “Mama amekwenda sokoni, atakuletea muwa,” naye hukaa kizingitini mpaka jua limekuchwa. Abu Daud amepokea kwamba Abdallah bin Amir, alipokuwa mtoto, aliitwa na mama yake kwa ahadi ya kupewa kitu. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa amekaa nyumbani mwao, akamwuliza mama amekusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa kokwa ya tende ina hesabu, je, mama mzima? Mtoto wa miaka mitatu hufahamu akiambiwa kwamba mama anakwenda kuzaa, kwamba atalala kwa bibi, na kwamba mama atarudi. Atalia, na kilio cha mwenye kuambiwa kweli hutulia. Azoezwe mapema, alale huko usiku mmoja mmoja kabla ya siku yenyewe. Na kama angali akinyonya, asiachishwe ghafula juma lile lile, maana Kurani imefungamanisha kumwachisha mtoto kabla ya miaka miwili na radhi na mashauri ya wazazi wawili.

Mama akirudi, mtoto mchanga na ashikwe kwanza na mtu mwingine, ili mikono ya mama iwe mitupu mkubwa akimjia mbio. Na siku ya saba, siku ya akika, mkubwa awe amekwisha kurejeshwa kwao kabla ya mbuzi kuchinjwa, asije akawa mgeni katika karamu ya nyumbani mwao.