Bei ya kupanda Kilimanjaro: Punguzo linatoka mfukoni mwa nani?

BEI ya safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro inapotajwa mjini Moshi, mteja huona tarakimu moja tu. Chukua mfano wa kampuni mbili zinazouza safari ya siku saba kwa njia ya Machame: moja inataka dola 2,000 za Marekani, nyingine dola 1,300. Mteja atauliza kama huduma inalingana na bei. Mfanyabiashara hana budi kuuliza zaidi: dola 700 hizo zimekatwa wapi?

Gharama isiyoshuka

Sehemu kubwa ya bei si mali ya kampuni. Kwa viwango vya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) vya mwaka 2023/24, mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki alitozwa dola 70 kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima. Siku saba na usiku sita ni dola 810. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, zinafika dola 955.80. Ada hiyo haina punguzo kwa kampuni inayouza rahisi.

Kampuni ya kwanza inabakiwa na dola 1,044.20, ya pili dola 344.20. Bei zimepishana kwa asilimia 35, lakini fedha za huduma zimepishana mara tatu.

Hesabu ya wapagazi

KPAP, shirika la kutetea wapagazi lililoanza mwaka 2003, liliwahi kupendekeza ujira usiopungua sh. 20,000 kwa siku. Mgeni mmoja mwenye wapagazi wanne kwa siku saba anahitaji sh. 560,000. Dola ikihesabiwa sh. 2,500, hizo ni dola 224. Kampuni ya pili inabakiwa na dola 120.20 za kumlipa kiongozi na mpishi, kununua chakula na gesi, kukodi gari na kupata faida.

Hazitoshi. Ndipo ujira hupunguzwa, mgeni akaachiwa afidie kwa bahshishi. Au wapagazi hupunguzwa na mzigo ukazidi kilo 20 zinazoruhusiwa. Au hema chakavu likapandishwa tena mlimani.

Kampuni za meli za kitalii huweza kuuza tiketi kwa bei ya chini, kisha zikarudisha fedha kwa vinywaji, kasino na matembezi ya bandarini. Mlimani kampuni haina baa wala kasino. Kilichopunguzwa langoni hakirudi.

Punguzo la siku

Njia nyingine ya kushusha bei ni kukata siku. Siku moja ya kambi ikiondolewa, ada hupungua dola 120, au dola 141.60 pamoja na VAT. Hilo ni punguzo halisi, lakini mwili wa mgeni unapoteza siku ya kuzoea hewa nyepesi kabla ya mita 5,895 za Uhuru. Akishindwa kufika, atakuwa amelipia mlima asioupanda.

Somo kwa mwenye mtaji mdogo

Kanuni ni moja: toa kwanza gharama isiyoshuka, kisha pima punguzo kwa kile kinachobaki. Punguzo la dola 100 kwenye bei ya 1,300 linaonekana kama asilimia 8. Kwenye dola 344.20 ni asilimia 29.

Hesabu hii inamhusu pia muuza mboga wa soko la Mbuyuni anayetoa mali kauli, mwenye gari la kukodisha, na anayeombwa kununua hisa katika kampuni changa. Kampuni inayojaza wageni kwa bei ya chini huonekana ina biashara nzuri, kumbe wadai wake wanagombea dola 120. Kabla ya kumkopesha, muulize bei anayouzia, idadi ya siku na ujira wa mpagazi. Asiyeweza kumlipa aliyebeba mzigo hawezi kumlipa aliyeleta nyanya.