Turubai la baridi kwenye Humvee

Swali: Naishi Minnesota, nimenunua Humvee iliyostaafishwa jeshini. Turubai jipya lenye tabaka la kuzuia baridi halifiki kwenye vifungo vya nyuma. Nimeuziwa saizi ndogo?

Jibu: Sidhani. Kitambaa chenye plastiki hukakamaa na kusinyaa kwenye baridi, na sentimita kinazopoteza ndizo hizo unazozitafuta. Ingiza gari kwenye gereji yenye joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, tandaza turubai humo usiku kucha, kisha anza upya: mbele juu ya kioo kwanza, halafu ubavuni, nyuma mwisho. Kaza mikanda kidogo kidogo, upande huu kisha ule, la sivyo litakaa mshazari. Kisu kiweke mbali, usilikate ili lifike! Na madirisha ya plastiki usiyakunje nje kwenye barafu, yatapasuka.

Turubai likishakaa, wengi hujisifu kuwa wameziba kila upenyo. Hapo ndipo ninapoogopa. Pumzi za abiria hugeuka maji, kisha barafu ndani ya paa. Na moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Kagua ekzosi, acha mwanya wa hewa, na usilale ndani injini ikinguruma.