Ugonjwa Sugu wa Ini na Asilimia ya Ulemavu: Faili la Mgonjwa Linavyopimwa

Tabora ni mji wa askari tangu zamani. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita hapa. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji huo kutoka kwa Wajerumani. Na hadi leo Kambi ya Milambo ingali ipo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na wengi wao hawakuandikwa jina, kijiji wala ugonjwa. Asiyeandikwa hakuwa na wa kumdaia haki yake. Jambo hilo bado lina uzito kwa mkazi wa Mtendeni ambaye ini lake limeharibika kwa sababu ya kazi, awe alivaa sare ya jeshi au koti la muuguzi.

Mguu uliokatwa huonekana na kila mtu. Ini huharibika kimyakimya, na mwenye ugonjwa sugu anaweza kutembea sokoni asubuhi na kutapika damu usiku. Ulemavu wa namna hiyo hupewaje asilimia? Miongoni mwa kanuni zilizoeleza jambo hili kwa undani ni zile za Wizara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, ambazo sehemu yake ya magonjwa ya tumbo na ini ilifanyiwa marekebisho kuanzia tarehe 19 Mei 2024. Haziko mbali na Waswahili kama inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la nchi hiyo liliandikisha wahamiaji wenye ujuzi wa lugha maalumu, Kiswahili kikiwamo. Askari wa aina hiyo akirudi kwao kutibiwa, tabibu wa huku ndiye atakayeandika taarifa ya hali yake.

Mdai hutakiwa kwanza kuthibitisha mambo matatu: kwamba ni mgonjwa sasa, kwamba akiwa jeshini lilitokea tukio linaloweza kuleta ugonjwa huo, kama vile kuongezewa damu au kugusana na damu ya majeruhi, na kwamba kwa maoni ya daktari, uwezekano wa tukio hilo kuwa chanzo haupungui nusu. Hilo la tatu ndilo huangusha madai mengi, kwa kuwa daktari huandika tu kwamba ugonjwa upo, asiseme neno juu ya chanzo chake.

Baada ya hapo huja kipimo chenyewe. Kwa ini ambalo halijajaa makovu, mtu aliyewahi kuugua lakini sasa hana dalili hupewa asilimia sifuri: ugonjwa unatambuliwa, malipo hakuna. Mwenye walau dalili moja, kama uchovu wa vipindi, kukosa hamu ya kula, mwasho au ini lililovimba, hupata 20. Anayetumia dawa mfululizo, akapungua uzito kiasi na kuwa na dalili zisizopungua mbili, hupata 40; uzito ukipungua sana, 60. Hapa neno “kiasi” lina maana ya upungufu wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa awali, na “sana” ni zaidi ya 20, bila mgonjwa kukusudia, kwa muda wa miezi mitatu. Uzito wa awali ni wastani uliopimwa kliniki katika miaka miwili kabla ya ugonjwa kuanza. Basi mizani iliyokaa mlangoni mwa zahanati, ambayo wengi huipita bila kuandika kitu, inaweza kuamua pensheni ya mtu.

Ini likishajaa makovu, yaani sirosisi, hutumika ngazi nyingine: 0, 10, 30, 60 na 100. Huweza kupimwa kwa alama ya MELD, inayokokotolewa kutokana na bilirubini, kreatinini na kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR. Alama 15 au zaidi ni asilimia 100. Juu ya 11 lakini chini ya 15 ni 60. 10 au 11 ni 30. Lakini kanuni imeweka neno “au”. Aliye na uchovu wa kila siku, na ambaye katika mwaka uliopita alivuja damu kutoka mishipa ya umio iliyovimba au alichanganyikiwa akili kwa sababu ya ini, hufikia 60 hata kama alama yake ni ndogo.

Neno hilo dogo lina faida kubwa katika nchi zenye kichocho cha tumbo. Kichocho huacha makovu kuzunguka mishipa inayoingiza damu ndani ya ini, lakini chembe za ini zenyewe huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Wengu huvimba, shinikizo la damu katika mishipa hiyo hupanda, mgonjwa hutapika damu. Na vipimo vya maabara hutoka karibu ya kawaida. Atakayempima kwa namba tupu atasema ni mzima.

Asilimia hazijumlishwi kama fedha. Mwenye 60 kwa ini na 20 kwa goti hahesabiwi 80. Baada ya 60 hubaki 40 ya uzima. Asilimia 20 ya hiyo ni 8. Jumla ni 68, inayokadiriwa kuwa 70.

Kuna hatari nyingine, nayo hutoka kwenye kalamu ya tabibu. Kanuni za Marekani hazilipi ulemavu uliotokana na ulevi wa mtu mwenyewe. Kuandika “ini la pombe” kabla ya kupima virusi vya homa ya ini B na C ni uzembe popote, na kwa mdai ni hukumu. Mtu anaweza kunywa na bado akawa aliambukizwa kazini. Yote mawili yaandikwe kama yalivyo.

Kwa raia wa Tanzania Bara walioajiriwa, serikalini au sekta binafsi, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015. Huko pia asilimia ndiyo mpaka: ulemavu wa kudumu usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Chukulia muuguzi aliyezaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B kuingizwa katika ratiba ya watoto nchini, mwaka 2002, na ambaye hakuwahi kuchanjwa. Anachomwa na sindano ya mgonjwa. Hatari ya kuambukizwa inaweza kufika asilimia 30. Akipimwa siku hiyohiyo na kukutwa hana virusi, kisha tukio likaandikwa kwenye kitabu cha ajali na chanjo ikaanza ndani ya saa 24, amelindwa mara mbili: mwili wake, na haki yake endapo kipimo cha miezi sita baadaye kitabadilika. Akinyamaza kwa haya au kwa hofu ya msimamizi, miaka 20 baadaye atafika wodini tumbo limejaa maji, na hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba siku ile ini lake lilikuwa zima.