Miaka Sitini na Bado Una Nguvu: Maswali na Majibu

Mtu akishafika sitini huletewa kiti na kuambiwa, "Mzee, pumzika." Ni heshima njema, ila mwili usiofanya kazi hudhoofu upesi. Mtaalamu wetu wa viungo na mazoezi anajibu.

Nina miaka 63. Kuinuka kwenye kochi mpaka nijisukume kwa mikono. Ndio uzee?

Uzee umo, lakini si wote. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na ukivuka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Hata hivyo, mtu wa miaka 80 akifanya mazoezi bado huongeza nguvu. Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, nyayo zote chini, kunja mikono kifuani. Inuka polepole, kaa polepole bila kujitupa. Anza mara tano asubuhi, tano jioni. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana.

Kila siku naenda sokoni kwa miguu. Haitoshi?

Umeanza vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuhemesha kidogo huku bado unaweza kuongea. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba, siku 3 au zaidi kwa wiki. Shika meza, simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kisha badilisha. Mtu asiyeyumba haanguki ovyo, na wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuanguka.

Asubuhi chai na mkate, jioni ugali na mchicha. Kuna kosa?

Kuna pengo: protini, ambayo ndiyo hujenga misuli. Asubuhi ongeza yai, jioni maharage, choroko au dagaa. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo hukupa na madini ya kalisi. Kama meno yamepungua, watwange uwatie kwenye mchuzi. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kiu nayo hupungua uzeeni, kwa hiyo kunywa maji hata bila kuisikia. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kwanza kiasi chake.

Saa tisa usiku niko macho, mchana nasinzia.

Fupisha usingizi wa mchana usizidi nusu saa, acha chai na kahawa baada ya alasiri, na toka nje upate mwanga wa asubuhi. Kama unaamshwa na haja ndogo, mweleze daktari saa unayomeza dawa za presha, usiziache mwenyewe. Uchovu usioisha nao upimwe: presha, sukari na wingi wa damu.

Wanangu hawataki nishike kazi yoyote.

Chagua kazi moja iwe yako: kumwagilia bustani, kufagia uwanja au kumpeleka mjukuu shule. Waambie wakusaidie kunyanyua mizigo mizito tu.