Barafu Hupimwaje kwa Ndege? Maswali Yanayowahusu Watu wa Kibaha na Kisarawe

Ndege ndogo inapoonekana ikienda na kurudi juu ya mashamba, mstari baada ya mstari, maswali huanza hapo hapo. Wanapima nini? Kuna mradi unakuja? Tutahamishwa? Maswali hayo ni ya haki, na yanastahili majibu. Nitaanza mbali kidogo, kwenye barafu, kwa sababu huko upimaji wa angani ulikabiliwa na kazi ngumu kuliko zote, na anayeuelewa wa huko hapati shida kuuelewa wa Soga kule Kibaha au Maneromango kule Kisarawe.

Barafu gani hupimwa?

Ziko za aina mbili, na kuzichanganya huleta hofu isiyo na msingi. Ya kwanza ni barafu ya baharini: maji ya chumvi ya ncha za dunia yaliyoganda na kuelea, mara nyingi unene wake ukiwa mita chache tu. Ya pili iko nchi kavu, kama ile ya Greenland na ya Kilimanjaro.

Rubani anajuaje unene wa kitu kilichozama?

Wajerumani wa Taasisi ya Alfred Wegener wana ndege mbili, Polar 5 na Polar 6. Chini yake huning'iniza kwa kamba chombo chenye umbo la bomu refu, kinachoburutwa hewani takriban mita 15 juu ya barafu. Chombo hicho hutuma mawimbi ya sumaku-umeme. Maji ya bahari yana chumvi, hivyo hupitisha umeme vizuri. Barafu haipitishi kiasi hicho. Mwitikio unaorudi unaonyesha maji yako umbali gani. Wakati huohuo leza hupima umbali hadi juu ya theluji. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, unabaki na unene wa barafu pamoja na theluji iliyoifunika.

Wamarekani walifuata njia nyingine. Kati ya 2009 na 2019 ndege za NASA, katika mradi wa IceBridge, ziliruka juu ya Aktiki na Antaktika zikipima kwa leza ile sehemu ya barafu iliyochomoza juu ya maji. Ugumu uko hapa: sehemu hiyo ni kama moja ya kumi tu, nyingine yote imezama. Kosa la sentimita 5 juu huzaa kosa la karibu nusu mita chini. Ndiyo maana walibeba pia rada ya kupima theluji peke yake, wasije wakaihesabu theluji kuwa barafu.

Satelaiti hazitoshi?

Zinatosha kwa eneo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zinaonyesha jinsi barafu ya bahari ya Aktiki inavyopungua: katika miaka ya 1980, kila Septemba zilibaki takriban kilomita za mraba milioni 7, Septemba 2012 zilibaki takriban milioni 3.4. Eneo lililotoweka linakaribia Tanzania nne. Unene ni kazi ngumu zaidi kwa satelaiti, na ndege ndiyo inayoisahihisha.

Sisi tuna barafu iliyopimwa hivyo?

Tunayo. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipima barafu ya Kilimanjaro kwa kamera wakiwa ardhini, na ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Januari 1930 Walter Mittelholzer, rubani wa Uswisi, aliipiga Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, picha kutoka kwenye ndege. Picha nyingine za angani zilifuata kwa miongo, na zile za Februari 16, 2000 zilionyesha zimebaki takriban kilomita za mraba 2.6. Kufikia 2011 zilikuwa chini ya 2.

Bila kazi ya 1912, picha za mwaka 2000 zingekuwa mandhari nzuri tu. Kipimo kimoja hakisemi lolote kuhusu mabadiliko. Viwili vikilinganishwa ndipo vinasema. Na kupima si kutabiri. Watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walikadiria mwaka 2002 kwamba barafu hiyo ingeisha kati ya 2015 na 2020. Vipande vyake bado vipo. Makadirio hayakutimia, lakini vipimo vilikuwa sahihi. Jambo jingine husahaulika: mito ya Kilimanjaro hulishwa zaidi na mvua ya ukanda wa msitu kuliko barafu ya kileleni.

Kibaha na Kisarawe hazina ufukwe. Yanatuhusu nini?

Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajwa, kama vile bonge la barafu lisivyofurisha glasi likiyeyuka ndani yake. Lakini hupotea ule weupe unaorudisha mwanga wa jua, bahari nyeusi ikafyonza joto. Joto hilo huifikia barafu ya Greenland, ambayo ikiisha yote itapandisha bahari takriban mita 7. Hilo si la kizazi hiki, ila kila sentimita huhesabika kwa mto unaoingia baharini. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na kumwaga maji yake Dar es Salaam, kwenye mabonde yanayofurika. Bahari ikiinuka, mto hupata shida kutoka. Na ardhi ya juu ikikatwa miti, maji hushuka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nao unastahili kupigwa picha mara kwa mara, si mara moja na kusahauliwa.

Ndege nyuki, ile isiyo na rubani, ikipita juu ya shamba langu, nimeshapimiwa?

Hapana. Picha ya angani haimpi mtu ardhi wala haimnyang'anyi. Inaonyesha mti, nyumba na njia. Haionyeshi mwenyewe ni nani. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, baada ya mipaka kukubaliwa na majirani wanaopakana. Siku ya kukubaliana mipaka nenda mwenyewe, usitume mtoto.

Unayo haki ya kuuliza. Ndege nyuki zinahitaji kibali, na mamlaka inayohusika ni ile ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wapimaji wa kweli hujitambulisha ofisi ya kijiji au mtaa kabla ya kurusha chochote. Wasipofanya hivyo, mwone mwenyekiti.

Huenda pia ukakuta shambani msalaba mweupe umepakwa rangi chini, au kitambaa kimekazwa kwa mawe. Hiyo ni alama ya kuunganisha picha na vipimo vya ardhini. Usiing'oe wala usiisogeze hata hatua moja mpaka walioiweka wakuambie wamemaliza, kwa sababu kosa lake huingia kwenye ramani ya jirani zako wote.